Deni la Mwenye Duka wa New Salem

Watu wengi wanaolijua jina la Abraham Lincoln hulijua kwa ajili ya watumwa waliopata uhuru katika siku zake, na kwa ajili ya kifo chake. Ni wachache wajuao ya kuwa mtu huyu, kabla hajawa wakili wala Rais wa Marekani, alikuwa mwenye duka katika kijiji kidogo, na ya kuwa duka lile lilimshinda, likamwachia deni lililomfuata miaka mingi. Habari za duka hilo, na za jamaa zake, ndizo nitakazo kuwasimulia, ndugu wasomaji. Maana katika sharika zetu mna wenye maduka wengi, na wadeni ni wengi zaidi.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky, katika nyumba ya magogo yenye chumba kimoja. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Mama yake aliitwa Nancy. Mwaka 1816 wakahamia Indiana, mahali penye msitu mnene, na huko, mwezi wa Oktoba 1818, Nancy akafa kwa ugonjwa ulioitwa ugonjwa wa maziwa, ambao watu huupata kwa kunywa maziwa ya ng'ombe aliyekula mmea wenye sumu. Abraham alikuwa na umri wa miaka tisa. Mwaka uliofuata baba yake akaenda Kentucky akaoa mjane, Sarah Bush Johnston, mwenye watoto watatu, akaja naye. Habari za mama wa kambo tumezisikia mara nyingi, na nyingi si nzuri; lakini mama huyu aliwapenda watoto wa marehemu kama wake mwenyewe, akampa Abraham moyo wa kusoma. Siku zote alizokaa shuleni, ukizikusanya pamoja, hazikutimia mwaka mmoja. Dada yake wa pekee aliolewa, akafa katika kujifungua mwaka 1828. Naye kijana mwenyewe alifanya vibarua kwa majirani, akipasua kuni na kujenga nyua, na ujira wote ulikuwa wa baba yake, ndivyo ilivyokuwa sheria, mpaka atimize miaka 21.

Mwaka 1830 jamaa wote wakahamia Illinois. Mwaka wa pili wake, mfanya biashara mmoja aitwaye Denton Offutt akamwajiri yeye na wenzake kupeleka shehena kwa mashua pana mpaka New Orleans. Mashua ikakwama juu ya ukuta wa kinu cha maji katika mto Sangamon, chini ya kijiji cha New Salem. Wanakijiji wakasimama ukingoni kutazama. Lincoln akapunguza mzigo, akatoboa tundu katika omo iliyoning'inia nje ya ukuta, maji yaliyoingia yakatoka, akaliziba tundu, mashua ikapita. Hivyo ndivyo watu wa New Salem walivyomwona mara ya kwanza. Offutt alipendezwa na kijana huyo na mahali pale, akafungua duka kijijini, akamweka Lincoln kuwa karani.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1829, juu ya kilima, na hata siku zake za kustawi sana hakikupita nyumba ishirini na tano hivi: kinu, mhunzi, fundi wa viatu, mganga, nyumba ya wageni, na maduka. Watu walitumaini ya kuwa meli za moshi zitapanda mtoni, na mji utakua. Tumaini hilo halikutimia. Offutt alikuwa mtu wa maneno mengi na mipango mingi. Kabla ya mwaka kwisha biashara yake ikaharibika, naye akaenda zake, akawaachia wengine hasara.

Lincoln akajiandikisha katika vita vya Black Hawk mwaka 1832, akachaguliwa na wenziwe kuwa kapteni. Aliporudi akaomba kuchaguliwa katika baraza la jimbo, akashindwa. Lakini katika kura 300 za mtaa wake alipata 277. Basi alipendwa na watu, wala hakuwa na kazi. Alifikiri kuwa mhunzi. Ndipo ndugu wawili wenye duka walipotaka kuuza: mmoja akamwuzia William Berry, mtoto wa mchungaji, na wa pili akamwuzia Lincoln fungu lake, si kwa fedha, bali kwa hati ya deni, maana alimwamini.

Mwanzo wa mwaka 1833 vijana wakorofi wa jirani waliliingia duka la mtu mwingine, Reuben Radford, wakavunja vyombo na madirisha. Radford alipoona uharibifu akakata tamaa, akaliuza duka siku ile ile kwa dola 400 kwa kijana mmoja, na huyo akaliuza mara moja kwa Berry na Lincoln kwa faida. Hapo tena ziliandikwa hati za deni. Wasomaji wangu wenye maduka watakuwa wamekwisha kutikisa kichwa. Wale wawili walikuwa na bidhaa nyingi kuliko wanunuzi wa kijiji kizima, na kila kilichokuwa juu ya ubao kilikuwa cha mtu mwingine.

Walikuwa na chai, kahawa, sukari, chumvi, nguo za pamba, kofia, vyombo vya udongo, na pombe kali katika mapipa. Wanunuzi wenyewe walikuwa na fedha kidogo. Walilipa kwa ngozi, asali na siagi, au waliandikiwa. Mwezi wa Machi 1833 duka likapata leseni ya kuuza pombe kwa kikombe, kwa dola 7. Lincoln hakuwa mnywaji. Berry alikunywa. Husemwa ya kuwa Berry aliyanywa mapipa na Lincoln akavisoma vitabu, na duka likafa katikati yao. Neno hili lina mzaha ndani yake, lakini si la kutupwa; maana mwenye duka aliyelala chini ya mti na kitabu, miguu yake juu ya shina, hawezi kumlaumu sana mwenziwe aliyelala karibu na pipa. Nami sioni ya kuwa usomaji ule, ingawa ulimfaa baadaye, ulilifaa duka.

Wakaliuza duka kwa ndugu wengine wawili, wao nao kwa hati; na siku ya kulipa ilipokaribia, ndugu hao wakatoroka usiku. Berry akafa mwezi wa Januari 1835, hakuacha kitu. Kwa kuwa biashara ilikuwa ya shirika, deni lote likamwangukia aliyebaki. Lilikuwa karibu dola 1,100, na kwa mtu wa kijiji kile zilikuwa fedha nyingi mno, hata Lincoln mwenyewe akaliita kwa mzaha deni la taifa. Katika nchi ile njia ya wadeni ilijulikana: kufunga mzigo na kwenda magharibi, mahali ambapo wadai hawafiki. Offutt alikwisha kwenda. Wanunuzi wa duka walikwisha kwenda. Lincoln alikuwa kijana asiye na mke wala nyumba, na farasi wake angemfikisha mbali. Akaenda kwa wadai, akawaahidi ya kuwa atawalipa kwa kadiri apatavyo, wakimpa muda.

Ziko hadithi nyingi za unyofu wake, za senti alizorudisha na mwendo aliokwenda kwa miguu kuzirudisha. Sizileti hapa, deni lenyewe latosha.

Majirani walimsaidia kupata kazi. Mwezi wa Mei 1833 akawekwa kuwa mwenye posta, kazi yenye mshahara mdogo, akachukua barua za watu ndani ya kofia yake ndefu. Kisha akajifunza upimaji wa ardhi katika vitabu, akasoma usiku kwa majuma machache mpaka akadhoofika, akawa msaidizi wa mpima ardhi wa wilaya. Lakini mdai mmoja hakutaka kungoja. Akashitaki, akashinda, na maofisa wakamtwaa farasi wa Lincoln, matandiko na dira ya kupimia, wakavinadi. Vilikuwa ndivyo vyombo vya kupatia chakula chake na fedha za kuwalipa wadai wengine. Jirani yake, mkulima James Short, akaja mnadani kimya, akavinunua vyote kwa dola 120, akamrudishia. Miaka mingi baadaye Short alikuwa maskini huko California, na Lincoln, sasa Rais, akampa kazi ya serikali.

Mwaka 1834 alichaguliwa katika baraza la jimbo. Akakopa dola 200 kwa mkulima tajiri ili apate mavazi ya kuendea huko. Ndiyo, mdeni huyu alikopa tena. Akasoma sheria, akapewa ruhusa ya uwakili mwaka 1836. Mwaka 1837 akahamia Springfield kwa farasi wa kuazima, akaingia katika duka la Joshua Speed kuuliza bei ya kitanda na matandiko. Bei ilikuwa dola 17. Akasema hana, na kama Speed atamkopesha mpaka Krismasi, na uwakili ukifaulu, atalipa. Usipofaulu, huenda asilipe kamwe. Speed alimtazama usoni akaona huzuni kubwa, akamwambia chumba chake kiko juu, na kitanda chatosha watu wawili. Lincoln akapanda ngazi na mifuko yake, akashuka akicheka. Walikaa pamoja miaka karibu minne.

Tarehe 4 Novemba 1842 alimwoa Mary Todd, binti wa nyumba ya kitajiri ya Kentucky yenye watumwa. Walipata watoto wanne wa kiume. Mwaka 1844 wakanunua nyumba kwa mchungaji aliyewaoza. Na deni? William Herndon, mwenziwe katika uwakili, ameandika ya kuwa hata mwaka 1848, Lincoln alipokuwa katika Bunge huko Washington, alikuwa bado akileta fedha za mshahara wake ili kulimaliza. Tangu duka kufa ilikuwa miaka kama kumi na mitano.

Kwa wazazi wake alitoa fedha pia. Mwaka 1841 alinunua ekari 40 za baba yake kwa dola 200, akawaacha wazee wakae juu yake maisha yao yote. Lakini Thomas alipokuwa akifa, Januari 1851, mwana hakwenda kumwona, wala hakwenda maziko. Mke wake alikuwa mgonjwa siku hizo, na mtoto wao Edward alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Hata hivyo jambo hili ni zito, nami sitalifunika. Yako madeni asiyoyalipa. Mama yake wa kambo alimpenda mpaka mwisho, na kabla ya kwenda kuwa Rais mwaka 1861 alisafiri kumwaga.

Habari za vita, na za tangazo la tarehe 1 Januari 1863 lililowapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi, zimeandikwa mahali pengi. Nyumbani mwake mlikuwa na huzuni: William akafa humo Februari 1862, mwenye miaka 11. Na madeni yakarudi kwa mlango mwingine. Mary alitumia katika kupamba nyumba ya Rais kupita zile dola 20,000 zilizotolewa na Bunge, akakopa madukani nguo na mapambo, na deni hilo alimficha mumewe.

Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi yake. Hakuacha wasia, ila mali yake, ilipohesabiwa, ilipita dola 110,000. Hata hivyo Mary aliogopa umaskini, akajaribu mwaka 1867 kuuza nguo zake huko New York, akachekwa. Thomas, mtoto wa mwisho, akafa mwaka 1871. Mary mwaka 1882. Robert, mkubwa wao, aliishi hata 1926, na kitukuu wa mwisho wa Lincoln akafa mwaka 1985 bila mtoto.

New Salem ilikuwa imekwisha kuachwa kufikia mwaka 1840 hivi. Watu walihamia mji wa jirani, Petersburg. Katika karne iliyofuata nyumba zake zikajengwa upya kwa magogo, na duka la Berry na Lincoln ni mojawapo.