DeMar, babu wa miaka 41 aliyewaburuza vijana Boston

MWAKA 1911, kabla ya marathoni ya Boston, Marekani, daktari alisikiliza kifua cha Clarence DeMar, kijana wa miaka 22, na mlio wa moyo haukumpendeza. Akamshauri iwe mbio yake ya mwisho, na akichoka atoke. Jamaa akaingia barabarani, akashinda.

Lakini maneno yale yalimkaa kichwani. Baada ya Olimpiki ya Stockholm 1912, alikomaliza wa 12, alikaa miaka kadhaa bila kuigusa Boston.

Enzi hizo mbio hazikuwa na mshahara. DeMar alikula kwa kazi ya kupanga herufi kwenye uchapaji, na mara nyingi alikwenda kazini na kurudi akikimbia. Mazoezi yenyewe ndiyo hayo.

Aliporudi, alirudi kweli. Alibeba Boston 1922, 1923 na 1924, kisha akaenda Olimpiki ya Paris akatwaa shaba akiwa na miaka 36, umri ambao straika wetu anaulizwa kila wiki atastaafu lini. Akashinda tena 1927, 1928 na 1930, miaka 41 hiyo! Jumla mara 7. Robert Kipkoech Cheruiyot wa Kenya, na ukali wake wote, aliishia 4.

Boston yake ya mwisho aliikimbia 1954, akiwa na miaka 65. Saratani ilimuua 1958. Madaktari walipoupasua ule moyo, walikuta mishipa yake mikubwa ina upana mara mbili hadi tatu ya kawaida.