Carver: Mtumwa aliyefufua mashamba kwa njugu

GEORGE Washington Carver alizaliwa utumwani karibu na mji wa Diamond, jimbo la Missouri nchini Marekani, mnamo 1864 hivi. Akiwa mtoto mchanga, yeye na mamake walitekwa nyara na majambazi. Bwana wao, Moses Carver, alimkomboa mtoto kwa kutoa farasi. Mama hakuonekana tena.

Kiu ya elimu ilimhamisha mji baada ya mji. Chuo kimoja cha Kansas kilimpa nafasi kwa barua, kisha kikamkataa kilipotambua kuwa ni mweusi. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1891 alijiunga na chuo cha kilimo cha Iowa, na kufikia 1896 alikuwa na shahada ya uzamili.

Mwaka huo huo, Booker T. Washington alimwalika kufundisha Tuskegee, Alabama. Huko alikuta udongo uliochoka. Pamba iliyopandwa mwaka nenda mwaka rudi ilikuwa imemaliza rutuba, hasa naitrojeni. Wakulima weusi, wengi wao wakilima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na wenyewe, walinunua mbolea kwa mkopo, na deni likawafunga.

Carver aliwaonyesha njia nyingine. Mizizi ya kunde na njugu karanga ina vinundu ambamo bakteria hunasa naitrojeni kutoka hewani. Kwa hivyo, mkulima wa njugu hahitaji kutumia fedha nyingi kwa mbolea ya naitrojeni. Lililo muhimu ni kupanda kwa zamu: pamba ipishe mikunde, na masalio yake yafukiwe kabla ya zao linalofuata. Majani ya msituni na matope ya vinamasi yalitosha kuongezea rutuba.

Mwaka wa 1905 alichapisha kijitabu kuhusu udongo uliochoka. Mwaka uliofuata, gari la kukokotwa na wanyama lilianza kupeleka mafunzo hayo vijijini. Kijitabu chake cha 1916 kilieleza upanzi wa njugu na mapishi 105.

Wengi humsifu kwa kuvumbua siagi ya njugu, ingawa haikuwa kazi yake. Sifa anayostahili ni kubwa zaidi: alimpa maskini rutuba isiyohitaji mkopo.

Alifariki Januari 5, 1943, akiwa ameachia utafiti akiba yake. Alizikwa Tuskegee.