Askofu Aliyewafundisha Watu Wake Kuimba: Maisha ya Ambrose wa Milan



Tulipoketi kama kamati kuandaa kitabu hiki cha yubilei, tuliulizana ni mtu gani wa kale ambaye maisha yake yangetufaa sisi waimbaji. Tulimchagua Ambrose, askofu wa Milan nchini Italia. Tulimchagua kwa sababu alipenda nyimbo, na pia kwa sababu alilionya kanisa lililokuwa limeanza kustarehe.

Ambrose alizaliwa yapata mwaka 340 katika mji wa Trier, ambao leo uko Ujerumani. Baba yake alikuwa na cheo kikubwa katika serikali ya Kirumi, lakini alifariki mapema. Mama akahamia Roma pamoja na wanawe watatu, Marcellina, Satyrus na Ambrose. Kijana alisomea sheria, akapanda ngazi, na mwanzoni mwa miaka ya 370 alikuwa gavana mwenye makao yake Milan.

Mwaka 374 askofu wa mji huo alifariki. Alikuwa amefuata mafundisho ya Arius, yaliyokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Waumini waligawanyika pande mbili, kila upande ukimtaka askofu wake, na gavana akaenda kanisani kuwatuliza. Husimuliwa kwamba sauti ya mtoto ilisikika ikimtaja yeye awe askofu, na umati wote ukaitikia. Ambrose hakuwa hata amebatizwa. Alijaribu kukwepa, akashindwa. Alibatizwa, na siku chache baadaye, tarehe 7 Desemba 374, akawekwa wakfu.

Aligawa mali yake kwa maskini, akaanza kujifunza Maandiko upya kama mwanafunzi. Baada ya vita vya Adrianople vya mwaka 378, watu wengi walichukuliwa mateka. Ambrose aliyeyusha vyombo vya thamani vya kanisa ili awakomboe. Wapinzani wake walimlaumu. Yeye aliona kwamba dhahabu ya kanisa haina kazi bora kuliko kuokoa watu.

Wakati huo hatari ya kanisa ilikuwa imebadilika. Wazee wao walikuwa wameteswa na wafalme, lakini sasa wafalme walikuwa Wakristo. Mwaka 380 Kaisari Theodosius alitangaza imani hiyo kuwa dini ya dola. Maaskofu walikaribishwa ikulu, na waumini waliongezeka, wengine wakiwa wamefuata manufaa tu. Ni hali ile ile ambayo Bwana aliionya Laodikia katika kitabu cha Ufunuo: kushiba, kujiona huhitaji kitu, na kuwa vuguvugu.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 385 na 386. Justina, mama wa Kaisari kijana Valentinian wa Pili, aliwaunga mkono wafuasi wa Arius. Alidai kanisa moja la Milan litolewe kwao, na Ambrose akakataa. Waumini walikesha ndani ya kanisa pamoja na askofu wao, huku askari wakiwa wamelizunguka. Monica, mama yake Augustine, alikuwa miongoni mwa waliokesha. Ili watu wasivunjike moyo, Ambrose aliwafundisha kuimba zaburi na tenzi kwa mtindo wa makanisa ya Mashariki. Hatimaye askari waliondolewa. Augustine, ambaye Ambrose alimbatiza Pasaka ya mwaka 387, aliandika baadaye jinsi nyimbo za kanisa hilo zilivyomtoa machozi. Desturi hiyo ilienea kutoka Milan hadi makanisa mengi ya Magharibi.

Ambrose mwenyewe alitunga. Kila utenzi wake ulikuwa na beti nane, kila ubeti mistari minne, na kila mstari silabi nane. Tuliosoma ushairi shuleni tutatambua jambo hapo: utenzi wetu wa Kiswahili nao una ubeti wa mistari minne yenye mizani nane. Ni kipimo chepesi ambacho hata asiyejua kusoma hukishika haraka. Alitaka kanisa lote liimbe.

Hatusemi kwamba hakukosea. Mwaka 388 Wakristo wa mji wa Callinicum, karibu na mto Frati, waliteketeza sinagogi la Wayahudi. Kaisari aliamuru askofu wa huko alijenge upya. Ambrose alimshinikiza mpaka akaiondoa amri hiyo. Alitetea watu wake pale walipostahili kukemewa, na hilo pia ni onyo kwetu.

Miaka miwili baadaye alisimama vizuri. Mwaka 390 watu wa Thesalonike walimuua kamanda wa jeshi kwa sababu alimfunga mwendesha magari ya mashindano waliyempenda. Kwa hasira Theodosius aliagiza kisasi, na askari wakawaua watu waliokusanyika uwanjani. Mwandishi mmoja wa kale anataja watu 7,000. Kaisari huyu alikuwa rafiki na mfadhili wa kanisa, na kunyamaza kungekuwa rahisi. Ambrose alimwandikia barua kwa mkono wake, bila kumwaibisha hadharani, akamweleza kwamba hataweza kuadhimisha Meza ya Bwana mbele yake mpaka atubu. Theodosius alikubali. Alivua mavazi ya kifalme, akatubu kanisani mbele ya watu wote, na wakati wa Krismasi akapokelewa tena. Urafiki wao haukufa. Kaisari alipofariki mwaka 395, Ambrose ndiye aliyehubiri katika maombolezo yake.

Ambrose alifariki tarehe 4 Aprili 397, mkesha wa Pasaka. Mwili wake umo hadi leo katika kanisa linaloitwa kwa jina lake huko Milan.

Wapendwa, tulipokuwa tukiandika haya, tulijikumbuka sisi wenyewe. Mwaka mmoja wa kampeni kwaya yetu ilialikwa kuimba kwenye harambee. Tulibadilisha maneno ya wimbo, na palipokuwa na jina la Bwana tukaweka jina la mgeni rasmi. Watu walishangilia, na pesa za sare zikapatikana siku hiyo hiyo. Hakuna aliyetukemea. Lakini mzee wetu mmoja wa besi hajaivaa sare hiyo hata mara moja. Tulimwona mkaidi. Leo tunaona alikuwa akitusubiri.

Kwa hiyo siku ya yubilei, kabla ya wimbo wa kwanza, tumeomba dakika chache tusimame mbele yenu tutubu. Wimbo ule tutauimba tena, ukiwa na maneno yake ya mwanzo. Kama Kaisari alipokelewa, nasi tunaamini tutapokelewa. Na ninyi waumini wetu, siku mtakapotuona tukiteleza tena, msinyamaze. Tuandikieni barua.

Mungu awabariki, na karibuni tuimbe pamoja.