Luigi Broglio: Mhandisi aliyepima hewa kutoka Ngomeni

Profesa Luigi Broglio, mhandisi aliyezaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911, hakuvutiwa na Ngomeni kwa sababu ya fukwe. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi mwendo, na bahari iliyo mashariki hupokea mabaki yake. Aprili 26, 1967, setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka jukwaa lake baharini, kaskazini mwa Malindi, ikibeba mizani aliyoibuni mwenyewe kupima msongamano wa hewa ya juu.

San Marco 3 ilifuata mnamo 1971. Vipimo vyake vilichangia MSIS, kielelezo cha angahewa cha 1977, ambacho vizazi vyake vimeandikwa kwa Fortran, lugha kongwe ya kompyuta ambayo hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine na ambayo kwa hesabu nzito bado ina kasi.

Broglio alifariki Januari 2001. Kituo cha Ngomeni kina jina lake. Leo watafiti huiunganisha Fortran hiyo na Python, lugha nyepesi ya skripti, kwa chombo kiitwacho f2py: Python hupanga kazi na kuchora grafu, Fortran hupiga hesabu. Ni busara. Kuiandika upya kungeweza kuzaa makosa katika hesabu zilizokwisha kuhakikiwa, na kosa la msongamano hupotosha makadirio ya siku ambayo setilaiti itaanguka.