Maisha ya Sultani Said bin Taimur na Mafuta ya Omani

Seyyid Said aliyehamia Zanzibar na kustawisha karafuu tunamjua sote kutoka somo la historia. Leo nawaletea kilembwe chake, Said bin Taimur, ambaye maisha yake yanatuhusu hata sisi wa Isiolo.

Alizaliwa Maskati mwaka wa 1910, akasomeshwa India na Baghdad. Mwaka wa 1932 baba yake alijiuzulu akamwachia kiti. Lakini kiti chenyewe kilikuja na madeni! Nchi iliishi kwa tende, samaki na ushuru wa bandarini tu. Said alibana matumizi mpaka akayalipa yale madeni. Tangu hapo aliogopa kutumia pesa, kama vile aliyeumwa na nyoka anavyoshtuka akiona ung'ongo.

Mwaka wa 1937 aliipa kampuni ya kigeni kibali cha kutafuta mafuta. Kazi ilikuwa ngumu. Bara kulikuwa na vita vya Imamu hadi 1959, visima vya kwanza vikatoka vikavu, na mwaka wa 1960 washirika wengi wa kampuni wakajitoa. Shell na mwenzake mmoja wakabaki. Mwaka wa 1964 yakapatikana mafuta ya kutosha kuuzwa huko Fahud, na Julai 1967 meli ya kwanza ikang'oa nanga.

Sasa mtu angedhani raha imefika. Wapi! Kufikia 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali na kama kilomita 10 za barabara ya lami. Malango ya Maskati yalifungwa usiku, na aliyetembea baadaye sharti abebe taa. Sultani mwenyewe alijifungia Salalah tangu 1958. Vijana waliotaka elimu waliondoka nchini, na huko Dhofar watu wakashika bunduki. Ni kweli kwamba mwishoni alianza kupanga miradi michache, lakini alikuwa amechelewa.

Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos, akisaidiwa na Waingereza, alimpindua. Alipelekwa London na huko akafariki mwaka wa 1972. Pesa za mafuta yale yale zikajenga shule, hospitali na barabara. Waomani waliokuwa wamekimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 wakaitwa kuja kufanya kazi, na ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Maskati hadi leo.

Kwa maoni yangu, Said hakuwa mfujaji. Kosa lake ni kuweka akiba huku watu wake wakingoja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mtoto anayengoja shule huzeeka.

Hapa kwetu mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka wa 2012, na bomba la kwenda Lamu lilipangwa kupita Isiolo. Sheria ya mwaka wa 2019 inaipa kaunti yenye mafuta asilimia 20 ya mgao wa serikali, na wenyeji asilimia 5. Isiolo itapitiwa tu, kwa hivyo tusikae tukingoja mgao wa Turkana. Wanafunzi wenzangu, tusome uhandisi, uhasibu na sheria, ili pesa zikija tuwepo wa kuuliza zimejenga darasa gani.