Robert Graves na ugonjwa wa macho yanayotokeza

Msikilizaji wetu, kila tunapozungumzia afya ya macho, swali moja hurudi. Kwa nini mtu, mara nyingi mama au dada, macho huanza kutokeza kama aliyeshtuka, hata kope hazifumbi akilala? Majibu ya mtaani tunayajua: amerogwa, ana mapepo, ana roho mbaya. Mwenzetu anaanza kujificha, haendi tena sokoni wala kanisani.

Ugonjwa huo unaitwa Graves, tamka Greivzi, na hilo ni jina la daktari.

Robert James Graves alizaliwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 27 Machi 1796. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu wa chuo kikuu. Alihitimu udaktari mwaka 1818, akazunguka Ulaya kujiongezea ujuzi. Huko Austria alikamatwa bila hati ya kusafiria akawekwa ndani siku kama 10. Polisi walimwona jasusi wa Kijerumani, maana hawakuamini kwamba Mwairishi angeweza kusema Kijerumani kizuri hivyo!

Mwaka 1821 aliajiriwa hospitali ya Meath, Dublin. Enzi hizo mwanafunzi wa udaktari aliweza kumaliza masomo bila kumshika mgonjwa. Graves aliwapeleka kitandani, kila mmoja akapewa mgonjwa wake wa kumfuatilia. Mapigo ya moyo aliyahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Wagonjwa wa homa, waliokuwa wakinyimwa chakula, yeye aliagiza walishwe.

Mwaka 1835 alichapisha habari za wanawake wenye uvimbe shingoni na moyo kwenda mbio. Mmoja alikuwa na miaka 20. Watu walidhani ni mambo ya neva tu. Graves akaeleza kwamba mapigo yake yalikuwa ya kasi mno, na macho yametokeza hadi weupe ukaonekana kuzunguka mboni yote. Sisi hapo ndipo tunapomheshimu zaidi: hakumdharau binti yule. Mwaka 1840 Mjerumani Karl von Basedow aliandika dalili zile zile, ndiyo maana Wajerumani huuita ugonjwa huu kwa jina lake.

Chanzo Graves hakukijua. Kilianza kueleweka miaka ya 1950. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakosea na kuichokoza tezi ya shingoni ili itoe homoni kupita kiasi. Mgonjwa anakonda ingawa anakula, anatetemeka mikono, anatoka jasho. Kinga hiyo hiyo huvimbisha nyama na mafuta nyuma ya jicho. Kwa kuwa jicho limezungukwa na mfupa, halina pa kwenda ila mbele.

Huku milimani tulizoea rovu la kukosa madini joto, na chumvi yenye madini hayo hulizuia. Hili ni jingine, kuongeza chumvi hakuliponyi. Anza zahanati au hospitali ya jirani, upimwe damu, na ikibidi utapewa rufaa, kwa mfano KCMC pale Moshi. Dawa za kutuliza tezi zipo. Kama unavuta sigara, acha, maana huyazidishia macho ubaya sana. Ukiona vitu viwili viwili, ukungu, au rangi zinafifia, usisubiri siku ya gulio ipite. Jicho linaweza kupofuka.

Graves alifariki tarehe 20 Machi 1853 kwa uvimbe wa tumboni, akiwa na miaka 56. Inasimuliwa kwamba siku moja alipita wodini akawakuta wagonjwa wa homa wamenona, akawaambia wanafunzi wake kwamba kaburini pake paandikwe tu kuwa aliwalisha wenye homa. Ugonjwa wa macho hakuutaja.