Mfahamu Muhammed Said Abdulla, Mkali wa Stori za Mzimu Aliyetoboa Akikaribia 40

Huku Kabati stori za kutisha haziishi. Kenya nzima hutania Ukambani juu ya kamuti, na stima zikipotea usiku kila msee ana binamu yake aliyeona kitu. Noma huanza ukishika simu uiandike. Ukifika paragrafu ya 3 unaisoma, unaona ni upuzi, unafuta yote. Kama uko hapo, kuna mzee wa Unguja unafaa kumjua.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alimaliza sekondari 1938, lakini hakuingia kwa uandishi moja kwa moja. Aliajiriwa idara ya afya kama mkaguzi, na miaka ikasonga. 1948 ndio akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, halafu akahariri mengine.

Baadaye East African Literature Bureau, iliyokuwa na makao hapa Nairobi, ikaandaa mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili, 1957 hadi 1958. Abdulla akatuma Mzimu wa Watu wa Kale na akabeba nafasi ya kwanza. Piga hesabu, jamaa alikuwa anagonga 40. Kitabu kilitoka 1960.

Sasa hapa ndio kuna ufundi. Mtu anapatikana ameuawa pale kwa mzimu, mahali watu huogopa. Wengi wetu tungeleta jini lenye macho mekundu na tufunge stori. Abdulla anakuacha uogope kwanza, halafu anamleta Bwana Msa na kiko chake. Msa hatetemeki. Anauliza maswali, anaangalia vitu vidogo vidogo, huku beshte yake Najum akibaki ameduwaa. Ndio, harufu ya Sherlock Holmes iko, na Najum ni Watson kabisa. Lakini mzimu wenyewe si wa London, ni wa nyumbani kwao. Na unagundua cha kuogopa ni binadamu anayejificha nyuma ya imani ya majirani zake. Kwangu hiyo inatisha kuliko jini, juu jini huwezi kupatana nalo sokoni likinunua nyanya.

(Nashuku ile kazi ya ukaguzi ndio ilimpa jicho hilo. Ni hisia yangu tu.)

Baada ya ushindi ungedhani ataachia kazi. Wapi! Kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo. Mchana mbegu na mbolea, na kichwani ana maiti. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968, miaka 8 baada ya cha kwanza, mwaka ule ule aliostaafu. Hiyo Giningi visiwani ni jina la makao ya wachawi, kwa hivyo jamaa hakuwa amehama mtaa. Siku hizi msee akikaa wiki 2 bila kuandika anaona kipaji kimehepa.

Hapo ndio bomba lilifunguka: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Bwana Msa alirudi tena 1984 kwa Kosa la Bwana Msa, mwandishi akiwa amevuka 65.

Abdulla alifariki 1991.